Kijalizo cha Mshahara: Akiba Hulipwa na Nani?

Tulikuwa Minago, Burundi, kando ya barabara ya taifa namba 3, tukingoja gari la Rumonge. Kijana aliyekuwa pembeni yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipojua kwamba kazi yangu ni maneno, akanitupia swali: "Mzee, siku wakiniita kwenye jeshi la akiba miezi mitatu, mshahara wangu wa shule unakwenda wapi?"

Swali lake lilikuwa na haki. Mwaka 2022 Burundi ilipanga upya jeshi lake, na pamoja na nguvu za nchi kavu, za anga na za majini ikaunda ya nne, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa FRAD: Jeshi la Akiba na la Kusaidia Maendeleo. Tafsiri ya "akiba" haina tatizo. Kiswahili kimelizoea neno hilo tangu zamani: unga wa akiba, fedha ya akiba, askari wa akiba. Kitu cha akiba kinawekwa pembeni, kinangoja siku ya shida. Ila unga wa akiba hauna watoto wanaosubiri karo.

Ugumu unaanzia kwenye malipo. Kifaransa, ambacho ofisi zetu zinakitumia, kina majina mawili: fedha ya mfanyakazi ni salaire, ya askari ni solde. Hilo la pili ni ndugu wa soldat, na mzizi wao ni sarafu ya kale ya Warumi. Askari, kwa asili ya neno, ni mtu aliyelipwa. Kirundi kimelichukua hilo na kusema umusoda, lakini malipo kikayakopa kwetu: umushahara. Kwa hiyo katika Kiswahili na Kirundi mwalimu na askari wote wanapokea mshahara, na anayehama kwa muda kutoka kazi moja kwenda nyingine anakuwa na mishahara miwili yenye jina moja. Hapo ndipo istilahi inapohitajika.

Chukua mfano wa kubuni. Mwalimu analipwa franga 400,000 kwa mwezi. Akivaa sare, jeshi linampa 250,000. Zimepungua 150,000. Kuna nchi ambako mwajiri wake wa kiraia hutoa hizo zilizopungua, na malipo ya jeshi yakiwa makubwa kuliko mshahara hatoi kitu. Marekani inawafanyia hivyo watumishi wa serikali kuu tangu 2009. Tarehe 30 Aprili 2025 Mahakama yao ya Juu iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kesi ya Nick Feliciano, mwongozaji wa ndege aliyekuwa pia askari wa akiba wa ulinzi wa pwani. Walibishania maana ya kuitwa kazini "wakati wa dharura ya taifa": je, lazima kazi yenyewe ihusiane na dharura, au inatosha kwamba dharura ipo? Mahakama ilisema inatosha. Fedha za mtu zilining'inia kwenye maana ya "wakati wa".

Wengi wanayaita malipo haya "malipo ya tofauti". Siyapendi. Msomaji wa haraka ataona malipo mbalimbali, na mswahili wa mtaani akisikia kwamba mwajiri na mfanyakazi wana tofauti ataelewa kuwa wamegombana. Napendekeza kijalizo cha mshahara. Kujaliza ni kujaza kilichopungua mpaka kifike pale kilipokuwa, na wanasarufi wamekwisha kulizoea neno kijalizo katika kazi yao. Faida yake ni kwamba linamfanya msikilizaji aulize papo hapo: nani anajaliza?

Nafasi ya kazi ni suala jingine, ingawa watu huichanganya na kijalizo. Sheria ya Marekani ya 1994 inamlazimisha mwajiri kumrudishia askari wa akiba kazi yake, kwa kawaida akiwa hajazidisha jumla ya miaka 5 nje, na kumhesabia pensheni kana kwamba hakuondoka. Mwajiri binafsi halazimishwi na sheria hiyo kumlipa mshahara akiwa jeshini. Kazi inamngoja, lakini kijalizo hakuna. Na hii pensheni, pamoja na bima ya matibabu, naomba tusiiite marupurupu. Marupurupu ni ya hisani, leo yapo kesho yameondolewa. Hizi ni stahiki. Vilevile "likizo ya kijeshi" inanichekesha. Anayekesha na bunduki hayuko likizo. Tuseme ruhusa.

Afrika Mashariki imewahi kuona kinyume cha kijalizo. Mwaka 1966 Tanzania iliwataka wasomi wake wa vyuo watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi 5 kambini, kisha takriban 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Pengo la asilimia 60 halikujalizwa na mtu. Ndilo lililokuwa mchango wao kwa taifa. Oktoba 22 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kuupinga mpango huo. Rais Nyerere akawafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kumuunga mkono au kumpinga, lakini mlipaji alitajwa waziwazi.

Mwalimu wangu wa Minago ana mshahara, basi hesabu yake inawezekana. Lakini pale ufukweni mwa ziwa mitumbwi ilikuwa imepumzika, maana mbalamwezi ilikuwa kali na taa hazivuti ndagala usiku mweupe. Mshahara ni neno la Kiarabu lililotokana na shahr, yaani mwezi; mvuvi wa Minago anahesabu miezi vizuri kuliko karani, ila hana mshahara. Ana fungu lake la mavuno, baada ya mwenye mtumbwi kutoa gharama za mafuta. Usiku mmoja anapata mikeke ya kuuza, usiku mwingine harufu tu. Akiitwa jeshini, utajaliza kutoka kiwango kipi? Kwake kijalizo hakifai. Anahitaji fidia, na kiwango chake kikubaliwe kabla hajaondoka.

Gari lilipofika nilimwambia kijana asome mkataba wake. Kwa wenzangu mnaotafsiri mikataba ya kazi ombi langu ni moja: kila mnapoandika "kijalizo cha mshahara", andikeni na jina la mlipaji katika sentensi hiyohiyo.