Kosa, Hitilafu na Mtelezo: Funzo kutoka Kilwa

Wafasiri wengi wakutanapo na maneno ya Kiingereza "error", "deviation" na "lapse", huyafasiri yote kwa neno moja: kosa. Mazoea haya yana hatari, hasa katika maandishi ya ofisi, kwa kuwa neno hilo humtia mtu lawamani hata pale ambapo hakuna aliyetenda ovyo. Yafaa basi tuitazame asili ya maneno hayo, kisha tuyapime kwa mfano mmoja wa historia ya Kilwa.

Maneno hayo matatu yana asili ya Kilatini, na yote yalihusu mwendo. La kwanza latokana na kitenzi chenye maana ya kutangatanga, la pili lahusu kuiacha njia, na la tatu kuteleza. Kiswahili nacho kinayo maneno ya namna hiyo: kupotea, kukengeuka, kuteleza. Mabaharia wa pwani wametupa jingine. Chombo kinachoyumba huku na huku baharini husemwa kinakwenda mrama, na leo hata mipango ya watu wasiopata kuiona bahari huambiwa imekwenda mrama.

Ama kosa lenyewe ni neno la Kibantu, na mojawapo ya maana zake ni kutopata. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu amekosa samaki, lakini hakutenda uovu. Hatia na hitilafu yametoka katika Kiarabu, ila hayalingani: la kwanza lilibeba maana ya dhambi, la pili maana ya kutofautiana. Kasoro ni upungufu tu, ndiyo maana twasema saa mbili kasoro robo bila kuilaumu saa.

Sasa tuje Kilwa. Habari za masultani wake zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni muhtasari ulio katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni hati ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 na kuhifadhiwa London. Kwa mujibu wa Barros, mwasisi alikuwa Ali, mwana wa Sultani Husein wa Shirazi. Lakini zipo sarafu za shaba, zilizopatikana Kilwa na Mafia, zenye jina la Ali bin al-Hasan, na Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani kuanzia mwaka 1960, alimlinganisha Ali huyo na mwasisi.

Katika hati za Kiarabu, Hasan na Husein hutofautiana kwa herufi moja tu. Je, tofauti hii tuiiteje? Ikiwa mnakili aliongeza jino moja la herufi, huo ni mtelezo wa kalamu. Ikiwa wazee wa Kilwa wenyewe walisimulia kwa namna mbili, hiyo ni hitilafu ya mapokezi. Ikiwa Barros, ambaye hakufika Kilwa, aliandika visivyo, hilo ni kosa lake. Mfasiri anayeandika "kosa" tangu mwanzo amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Jambo hili si la magofu peke yake. Tumchukue karani wa ghala la korosho huko Lindi. Uzito wa magunia ukipungua kidogo baada ya korosho kukauka, taarifa ikisema pana hitilafu ya uzito, mizani na magunia yatakaguliwa. Ikisema pana kosa, atatafutwa mkosaji, na aliye karibu ni karani.

Kwa hiyo napendekeza tutenge maneno haya: hitilafu kwa vipimo au habari zisizoafikiana, mkengeuko kwa kuacha njia au kiwango kilichowekwa, mtelezo kwa jambo dogo lisilokusudiwa, kosa kwa tendo lisilo sahihi lenye mtendaji, na hatia ibaki mahakamani, baada ya ushahidi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kalamu ya ofisi nayo ni ulimi.