Njia ya Kurudi Juu

Sisi wa Ujiji na Kigoma tumelelewa kuliheshimu Ziwa Tanganyika. Kina chake kinakaribia mita 1,470, na duniani kote linapitwa na Baikal la Urusi peke yake. Wavuvi hulala juu yake wakitafuta dagaa na migebuka, lakini huko chini wamewaachia samaki. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa akitetemeka, asichekwe. Hofu yake ina historia.

Katika karne ya 19, mafundi waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, walifanya kazi katika makasha yenye hewa iliyoshindiliwa. Walitoka wazima, kisha wakashikwa na maumivu makali ya viungo. Baadhi walipooza na baadhi walikufa. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo chake: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama povu mtu anapopanda ghafla. Mwaka 1908 J. S. Haldane na wenzake, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi, walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo. Ndipo mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan wakakamilisha kifaa kinachompa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta pumzi. Tazama mpangilio huo, ndugu msomaji: kanuni ya kupanda ilitangulia kifaa hicho cha kushukia kwa miaka 35.

Hapa kwetu upo mfano wake. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915. Julai 1916 wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiiteke. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, wakitumaini kuiibua siku moja. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Aliyeizamisha alikuwa amekwisha kufikiria kuibuka kwake.

Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari, alipoanza mafunzo aliniuliza, "Mjomba, maji yakiingia ndani ya miwani je?" Swali hilo ndilo lililokuwa somo lake la mwanzo. Akiwa amepiga magoti kwenye maji mafupi, aliijaza miwani maji kwa makusudi, akayatoa kwa kupuliza kwa pua. Alikitoa kinywani kifaa cha kupumulia, akakirudisha. Alifundishwa kuzibua masikio kila anaposhuka kidogo, na asizuie pumzi kamwe, kwani hewa ya mapafuni kwenye kina cha mita 10 hupanuka karibu mara mbili ifikapo juu. Akajua pia kwamba ziwa letu liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya baharini hayatumiki bila kurekebishwa, wala mtu hatoki majini na kupanda papo hapo milima ya Kasulu.

Siku ya tatu, mita chache tu chini, moyo ulimwenda mbio. Akainua kidole gumba, ishara ya kupanda. Mwalimu wake alipanda naye taratibu, bila kumhoji wala kumlaumu. Kesho yake kijana alishuka kwa utulivu, kwa kuwa sasa alijua mlango uko wazi.

Wahenga walisema, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Wazamiaji hawakubali: kwao kila mmoja ana haki ya kuahirisha wakati wowote, bila kutoa sababu. Nimewaona wanachuo wa ualimu wengi wakisimama mara ya kwanza mbele ya darasa, magoti yakigongana. Waliotulia upesi hawakuwa wale walioambiwa wasiogope. Walikuwa wale waliojua kwamba mkufunzi wao yupo nyuma ya darasa, na kwamba wakikwama wataruhusiwa kuanza upya.