Herufi Moja ya Manzoni

Nilipoanza kujifunza Kiitaliano nilipenda mapema ule wakati waouita imperfetto, wa kusimulia mambo yaliyokuwa yakiendelea au yaliyokuwa desturi. Andavo: nilikuwa nikienda. Sisi maneno mawili, wao moja. Siku moja nikafungua kitabu cha zamani, nikakuta "io aveva". Kwa nilivyofundishwa, hiyo ni sawa na kusema "mimi alikuwa na". Nikadhani mpiga chapa kakosea. Nikageuza ukurasa, lilelile. Kumbe aliyekosea ni mimi.

Asili yake ni Kilatini. Amabam ni "nilikuwa nikipenda", amabat "alikuwa akipenda". Watu wakaacha kutamka zile konsonanti za mwisho, kote kukabaki amava. Mimi na yeye tukafanana. Wenyeji wa Firenze wakatafuta dawa: si tunasema amo, "napenda"? Basi wakaichukua ile -o wakaibandika na huku: amavo. Hakuna kamati iliyokaa. Ni midomo tu.

Wenye kalamu hawakukubali. Mwaka 1525 Pietro Bembo alitoa Prose della volgar lingua, akitaka waandishi wamfuate Petrarca katika ushairi na Boccaccio katika nathari, watu waliokufa karne moja na nusu nyuma. Kwa hiyo kwa muda mrefu mtu wa Firenze aliweza kusema avevo sokoni, akirudi mezani anaandika aveva.

Aliyevunja ukuta huo hakuwa hata mtu wa Firenze. Alessandro Manzoni alizaliwa Milano. Riwaya yake, I promessi sposi, ilitoka mwaka 1827 ikiwa na -a ya vitabuni. Mwaka huohuo akaenda Firenze kusikiliza watu wanavyosema, kisha akaisahihisha kwa miaka, akisaidiwa na Emilia Luti, mwanamke wa Firenze aliyekuwa akilea watoto Milano. Katika toleo la 1840 hadi 1842, aveva ya "mimi" imekuwa avevo. Riwaya ikaingia shuleni, na -o ikawa kanuni.

Nafurahi kuona midomo ikiishinda kalamu, ila sishangilii sana. Ulioshinda ni mdomo wa mji mmoja, tena wa wasomi wake. Wa Napoli na Palermo walibaki kujifunza. Mtu wa Lamu au Mombasa, aliyeona Kiunguja kikifanywa msingi wa Kiswahili sanifu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku hizi nikikuta "kosa" kwenye maandishi ya kale, nauliza kwanza: nani alikuwa akisema hivi?