Redio Isiyomjua Mwenyewe: Tarehe ya Kufuli la Siri Katika Magari ya Kampala

Tangu serikali ya Uganda ilipoanza mwaka 2023 kuyavika magari yake namba za kidijitali, na baadaye kuwataka raia nao wavike zao, mabishano hayajakoma katika vijiwe vya Kampala: mmoja husema chombo kilichofichwa ndani ya kibao kile kitawakomesha wezi, wa pili hulalamikia gharama, na wa tatu huuliza ni nani atakayekuwa akizitazama safari zake. Katika wote wanaobishana sijamsikia hata mmoja anayemkumbuka mtangulizi wa chombo hicho, aliyeingia mjini humu yapata miaka 30 iliyopita bila ya sheria wala tangazo, akakaa kimya ndani ya dashibodi, na akawaadhibu wenye mali mara nyingi kuliko alivyowaadhibu wezi. Mtangulizi huyo ni kufuli la siri la redio ya gari.

Tarehe ya redio yenyewe haihitaji maneno mengi. Ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, Paul na Joseph, walitoa mjini Chicago mwaka 1930 redio ya gari waliyoiita Motorola, na miaka miwili baadaye kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa yake. Zilikuwa ghali, nzito, na zimegawanyika vipandevipande, hata mwizi angehitaji msaidizi na muda mrefu ili kuzing'oa. Uganda ilipopata idhaa yake mwaka 1954, redio ndani ya gari ilikuwa pambo la wakubwa na matajiri wachache, na hapana aliyefikiria kuifunga kufuli. Transista ziliipunguza ukubwa, kaseti ikaipa ladha, na mambo yakaenda hivyo hata miaka ya 1980.

Balaa lilianzia mahali ambapo hapana aliyelitarajia, yaani katika kanuni njema. Wajerumani walikuwa wameweka kipimo kimoja cha redio za magari, milimita 180 kwa 50, na mwaka 1984 kipimo hicho kikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa, ili redio ya kiwanda chochote iingie katika gari la kiwanda chochote. Wenye magari walifurahi, na wezi wakafurahi zaidi, kwani redio iliyotoshea kila gari ilikuwa na mnunuzi kila mtaa, na vile vitundu vya ubavuni alivyowekewa fundi ili aitoe kwa ufunguo wa waya havikukataa spoku ya baiskeli. Mjini New York watu walibandika vikaratasi kwenye vioo vya magari yao kuwaarifu wezi kwamba ndani hamna redio. Kwetu Afrika Mashariki zilienea redio za kuchomoa, zenye mpini, na baada yake zile ambazo uso wake hubanduka, hata ikawa si ajabu kumwona muungwana wa suti na tai akiingia harusini na redio yake kwapani, akaiweka mezani mbele yake, na akaitazama mara nyingi kuliko alivyowatazama maarusi.

Viwanda vya magari vilikuwa na rai nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vilianza kutia katika magari mapya redio zenye kumbukumbu, na hapa yafaa tusimame kidogo, maana watu wengi waliozimiliki hawakujua zinavyofanya kazi. Nyuma ya redio huingia nyaya mbili za umeme: mmoja, aghalabu wa njano, hutoka kwenye betri wala haukatiki hata ufunguo ukitolewa, wa pili, aghalabu mwekundu, hupata umeme ufunguo unapozungushwa. Hudhaniwa kuwa nambari ya siri hukaa katika ule umeme wa kudumu na hupotea unapokatika. Sivyo. Nambari imeandikwa katika chipu ndogo yenye miguu minane, ambayo huihifadhi miaka na miaka bila ya umeme wowote. Kazi ya waya wa njano ni kutoa ushahidi tu, kwa kuwa maadamu umeme wake unapita, redio huamini kwamba haijaondoka mahali pake. Ukikatika, iwe kwa mkono wa mwizi, iwe kwa spana ya fundi, iwe kwa betri iliyokufa yenyewe, redio inapowashwa tena haiulizi sababu: huandika CODE ikiwa ya Honda, SAFE ikiwa ya Volkswagen, LOC ikiwa ya General Motors, na haisemi neno jingine mpaka ipewe tarakimu zinazolingana na zilizomo katika chipu.

Mlinzi wa pili ni muda. Redio ya Volkswagen ikikosewa mara mbili hujifunga saa nzima, na saa hiyo haihesabiki isipokuwa redio imeachwa inawaka. Msomaji mwenye hesabu na apige: nambari yenye tarakimu nne, ikiwa kila moja yaweza kuwa yoyote, ina namna 10,000, na mwenye kujaribu mbili kila saa atazimaliza kwa saa 5,000, yaani zaidi ya siku 208 bila ya kulala, ilhali betri ya gari lililozimwa haistahimili hata wiki.

Hila hiyo ni nzuri, lakini ina upungufu ambao wahandisi wake hawakuusema kwa sauti. Kufuli la mlango humzuia mwizi asiingie; kufuli la redio humwacha avunje kioo, ang'oe dashibodi, aende zake, kisha humnyima faida. Ni kama mfugaji aliyemzoeza ng'ombe wake asikamuliwe na mkono mgeni: mwizi atakosa maziwa, sawa, bali mfugaji naye amekwisha kumkosa ng'ombe. Nguvu yake yote, basi, imo katika sifa, kwa maana ya kwamba sharti mwizi ajue mapema kuwa anachokitaka hakitamfaa. Ndiyo sababu redio hizo ziliwekewa kitaa chekundu cha kupepesa usiku, na gari likabandikwa karatasi ya onyo kiooni. Onyo hilo lilimfaa mwizi wa Hamburg, mwenye kusoma na kuchagua. Wa Kampala alivunja kioo kwanza.

Fauka ya hayo, kufuli hili lilijengwa juu ya dhana kwamba gari lina bwana mmoja, kwamba bwana huyo anacho kitabu cha gari na kadi yenye nambari, na kwamba mtaani kwake yuko wakala wa kiwanda ambaye, akishaona ithibati ya umiliki, atamsomea nambari iliyopotea. Magari mengi ya Kampala hayana hata moja katika hayo matatu. Hutumika Japani kwanza, hupakiwa melini, hushuka Mombasa, huvuka mpaka wa Malaba au Busia, husimama katika bondi za Nakawa mpaka kodi ilipwe, na katika mikono yote hiyo mitano au sita kinachopotea kwanza ni kadi ndogo ya karatasi ambayo hapana aliyejua thamani yake.

Mzee mmoja aliyefungua redio huko Katwe tangu enzi za kaseti, na ambaye makala haya yanategemea sana kumbukumbu zake, anashikilia kwamba katika wateja wake wa miaka ya 1990 walioibiwa walikuwa wachache mno. Wengi walikuwa wameletwa na betri. Kisa, anavyokisimulia, kilikuwa kile kile kila wiki. Gari laingia gereji kwa ajili ya starta. Fundi, kwa adabu ya kazi yake, hagusi starta kabla ya kufungua waya wa betri, asije akaunguza kitu. Jioni injini yaitika kwa mara ya kwanza, mwenye gari acheka, awasha redio apate habari, na redio yamwandikia neno asilolijua. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Mwenye gari ana yakini kwamba redio yake imebadilishwa, kwamba matumbo yake yametolewa na kuuzwa, na kwamba starta ilikuwa kisingizio. Fundi aapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba hata dashibodi hakuigusa. Majirani wajaa, huyu akitetea huyu na yule akitetea yule, na mwisho wake wote wawili wapanda gari lile lile, wamenuniana, kwenda Katwe kwa mzee kana kwamba waenda kwa kadhi.

Hukumu yake haikubadilika. Aliuliza kwanza kama kitabu cha gari kipo, akijua kuwa hakipo. Kisha alichomoa redio mbele ya macho yao, akafungua mfuniko wa bati, akawaonyesha lakiri ya kiwanda ambayo haijavunjwa, ili yule fundi apate kuondolewa tuhuma. Tena akamgeukia fundi na kumlaumu kwa kutouliza nambari kabla ya kushika spana. Na malipo ya kuifungua akayagawa nusu kwa nusu. Mzee anaamini, na sikuweza kumtoa katika imani hiyo, kwamba kufuli lilibuniwa na viwanda ili kuwarudisha watu kwa mawakala wao daima. Mimi siendi naye mpaka huko, lakini nakiri kwamba kama wabunifu wangekusudia hivyo, wasingelijenga kwa namna nyingine.

Redio za Kijapani zilikuja na dhiki zao wenyewe. Za zamani zilipokea mawimbi ya FM kuanzia 76 hata 90 tu, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa masafa ya Japani, na Kampala, iliyopata kituo chake cha kwanza cha FM cha binafsi, Sanyu, mwaka 1993, hutangaza hata 108. Kwa hiyo mwenye gari aliisikia Sanyu katika 88.2 na CBS katika 88.8, ila Capital katika 91.3 ilikuwa nje ya ukuta. Tiba yake ni kisanduku kidogo kiitwacho ekspanda, kitiwacho baina ya antena na redio ili kuyashusha mawimbi: kikishusha kwa 12, Simba ya 97.3 husikika katika 85.3. Zilipokuja redio za skrini, zikaja na ramani ya Osaka na Nagoya kwa dereva aliyekwama Wandegeya, na sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi ikimwarifu kila asubuhi, kwa Kijapani, kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba betri ikikatika, baadhi ya skrini hizo za Toyota hudai nambari aliyoiweka bwana wa kwanza, raia wa Japani asiyejulikana alipo, na nyingine hazifunguki hata kidogo bila ya kadi ya ramani ambayo huenda ilichomolewa kabla gari halijapanda meli.

Hapo ndipo soko la Kisekka lilipopata riziki. Soko hili la vipuri karibu na Nakivubo, lililopewa jina la Dakta Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu kisha makamu wa rais, lina sifa mbili mjini: kwamba utapata hapo kipuri chochote, na kwamba pengine utapata kioo cha gari lako mwenyewe kilichoibwa jana. Wapo humo na katika vichochoro vinavyolizunguka vijana wanaoibandua ile chipu ya miguu minane kwa kalamu ya moto, wakaiweka katika kisomeo kilichofungwa kwenye kompyuta, wakaona tarakimu zilizofichwa zimejipanga katika safu, wakairudisha mahali pake. Kazi ambayo wakala angeiomba hati wao huifanya bila ya kuuliza redio imetoka wapi. Na hivyo kufuli lililobuniwa ili kuliua soko la mali ya wizi likaliongezea duka. Hata hivyo siwezi kuwalaani. Maarifa yao hayakufundishwa katika chuo chochote, hapana aliyeyaandika, na mabanda ya zamani yalipovunjwa ili kujenga ghorofa, hapana aliyeuliza mafundi wale wamekwenda wapi na ujuzi wao.

Ya miaka ya karibuni ni machache. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza umri wa miaka 15 au zaidi, na pamoja na magari mapya zaidi zimekuja redio zinazotambuana na gari zima kwa nyaya za data, zisizotoshea penginepo, wala hazina tarakimu za kusahau. Vijana husikiliza simu. Mwizi wa Kampala naye ameacha redio, akahamia vioo vya ubavuni na taa, na wenye magari wamejibu kwa kuchora namba ya gari juu ya kila kioo, hila ya bei ndogo isiyotaka umeme, ambayo kwa maoni yangu imewafaa kuliko kufuli lote la Ujerumani na Japani.

Lakini magari ya zamani bado ni mengi, na msomaji anayekusudia kununua moja namsihi mambo mawili. Akiwa bado bondi, kabla ya kutoa fedha, afungue kasha la dashibodi atafute kitabu na kadi, atazame na kadi ya ramani kama ipo, awashe redio aisikie. Akishalinunua, asimruhusu fundi yeyote kugusa waya wa betri mpaka nambari iwe imeandikwa mahali pawili, na pasiwe ndani ya gari.