Mwanablogu wa siasa ni mwandishi wa habari?

Kuna ubishi hauishi huku hosteli: mtu anayeandika siasa kwenye blogu yake, hana ofisi wala kitambulisho cha uandishi, naye tumwite mwandishi wa habari? Hebu tuiulize historia kidogo.

Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004. Enzi hizo wanablogu wa Kiswahili waliita blogu "gazeti tando". Jina tu linakuonyesha walijionaje: wanatoa gazeti, ila halina mtambo wala mhariri.

Twende Ethiopia. Mwaka 2012 vijana walianzisha blogu ya Zone 9. Gereza la Kaliti lilikuwa na kanda nane, wao wakasema ya tisa ni nchi yenyewe... Aprili 2014 sita kati yao walikamatwa pamoja na waandishi watatu, wakashtakiwa kwa ugaidi. Wengine walisota ndani karibu mwaka mmoja na nusu, mpaka Oktoba 2015 mahakama ilipowafutia mashtaka hayo ya ugaidi. Mwaka huohuo CPJ, kamati ya kulinda waandishi wa habari ya New York, ikawapa tuzo. Yaani watu walewale, maandishi yaleyale: kwa serikali ni magaidi, kwa wanataaluma ni wenzao.

Na hapa kwetu? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka mwanablogu alipe Sh 100,000 ya maombi, Sh 1,000,000 ya leseni, na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua Sh milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini mwaka ule mwanafunzi anayeishi kwa bumu angezitoa wapi? Wengi walifunga blogu kimyakimya. Wanablogu walitambuliwa, ndiyo, ila kwenye risiti.

Wapo watakaosema blogu zimejaa umbeya. Kweli, zipo zinazookota tetesi za kijiweni na kuziita habari. Lakini hata magazeti yenye leseni yamewahi kufanya hivyo. Mimi kipimo changu ni kazi: umehakiki? Uliyemtuhumu umempa nafasi ya kujibu? Ukikosea unasahihisha? Anayefanya hayo ni mwandishi, na alindwe kama mwandishi, yeye na waliompa habari. Asipolindwa, siku mnyonge akiwa na ushahidi mkononi, nani atathubutu kuuandika?

Nyie mnasemaje? Tuko pamoja.