Machela Angani Karatu

Mei 6, 2017, basi la wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Watu 35 walifariki. Watoto watatu walitolewa hai, mifupa imevunjika vibaya.

Siku nane baadaye, machela zao zilipandishwa kwenye ndege aina ya DC-8 ya shirika la Samaritan's Purse, Uwanja wa Kilimanjaro. Mama zao walikuwa kando yao, pamoja na daktari na muuguzi. Walitibiwa Sioux City, Marekani, wakarejea Agosti 18.

Safari ile ililipiwa na wasamaria wema. Na hapo ndipo bima inapoonyesha thamani yake: mgeni anayeanguka ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hana muda wa kusubiri mchango.

Kubeba wagonjwa kwa ndege si jambo geni huku. Wazo lake lilikomaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees wakaanzisha huduma iliyokuja kuitwa AMREF. Mwanzoni ndege ilimpeleka daktari kijijini. Baadaye ikazoea pia kumtoa mgonjwa porini na kumfikisha hospitali kubwa Nairobi.

Kwa upande wa bima, Zanzibar imechukua hatua: tangu Oktoba 2024, mgeni hulipa dola 44 za bima ya lazima, usafiri wa dharura ukiwemo.