Nambari Isiyohama: Jinsi Tulivyotafutana Tukiwa Mbali

Barabara inayopita Kanyosha haiishii Kanyosha. Ukitoka katikati ya Bujumbura ukaifuata kuelekea kusini, ziwa likiwa upande wako wa kulia, utapita Rumonge, kisha Nyanza-Lac, na mbele ya hapo ni Tanzania. Mwaka 2015 familia nyingi zilishuka njia hii. Wanaoandika juu ya mwaka ule wanahesabu watu na mahema. Mimi naandika juu ya jambo dogo zaidi: watu wa nyumba moja wakishatengana, wanapatanaje tena?

Kuna kitu wageni wengi hawakijui. Sisi Warundi kwa desturi hatuna jina la ukoo. Baba ana jina lake, mama lake, na watoto watano wana majina matano tofauti. Mtu akisoma orodha ya wakimbizi hawezi kuona nani ni ndugu ya nani. Ndiyo maana ukimtafuta mtu lazima utaje jina la baba yake, la mama yake, na kilima anachotoka, maana kwetu kilima ndiyo anwani.

Waliokimbia mwaka 1972, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, walitegemea barua na midomo ya wasafiri. Barua ilichelewa, na mara nyingi ilisomwa kwa sauti na mtu mwingine, kwa hiyo siri haikuwepo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu walivuka mipaka. Mwaka uliofuata yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda, na ukanda mzima ukajaa watu wanaotafutana.

Hapo redio ndiyo ikawa simu yetu. BBC ilianzisha Gahuzamiryango mwaka 1994, na jina lenyewe maana yake ni kile kinachounganisha familia. Bukavu kulikuwa na Radio Agatashya, na Ngara ikaja Radio Kwizera mwaka 1995. Majina yalisomwa hewani: fulani mwana wa fulani, wa kilima fulani, anawatafuta wazazi wake. Msalaba Mwekundu nao walikuwa na karatasi zao za ujumbe. Unaandika habari za familia tu, siasa hapana, na karatasi inasafiri wazi bila bahasha. Ona basi, kila njia ilikuwa na mtu wa kati: msomaji, mtangazaji, mbeba karatasi.

Halafu simu za mkononi zikaenea, tukadhani mtu wa kati amekwisha. Mwaka 2015 ulituonyesha vingine.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, WhatsApp na Facebook zilizuiwa kwenye mitandao ya simu Burundi. Redio ya RPA ilifungwa, na katikati ya Mei vituo vingine binafsi vikashambuliwa na kunyamaza. Ikabaki kupiga na kutuma meseji za kawaida. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya zamani, MV Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua kwa mafungu kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kufikia mwisho wa mwaka Warundi zaidi ya 100,000 walikuwa wameingia Tanzania.

Fikiria simu katika safari hiyo. Chaji inaisha na umeme hakuna. Inite, kama tunavyoita vocha Bujumbura, haziuzwi ng'ambo. Basi mtu ananunua laini ya Tanzania, na hapo anakuwa na nambari mpya ambayo nyumbani hakuna anayeijua. Wao wanapiga ile ya zamani, wanaambiwa haipatikani. Wanaanza kulia kabla ya msiba.

Kwa hiyo aliyehama aliweza kupiga, lakini hakuweza kupigiwa. Na kama mume amepewa laini Kigoma na mke yuko bado Kagunga, wote wawili wamehama. Hawawezi kupatana moja kwa moja. Watapatana kupitia mtu ambaye hakuhama: shangazi aliyebaki Kanyosha, jirani, katekista. Mume anampigia shangazi, mke anampigia shangazi, na shangazi anampa huyu nambari ya yule. Mtu wa kati amerudi, ila safari hii ni mama mmoja mwenye simu ya tochi.

Kambini Msalaba Mwekundu walitoa simu za bure, dakika chache kwa mtu. Lakini swali la kwanza lilikuwa: nambari? Nambari ya Burundi ina tarakimu nane. Mtoto aliyezikariri zote nane nyumbani alikuwa na utajiri mkubwa. Hata hivyo, ukiwa Tanzania, bila +257 mbele yake haziendi popote. Mtoto asiye na nambari kabisa alirudi kwenye njia ya zamani ya jina la baba, jina la mama na kilima, na njia ile ni ndefu.

Ndiyo maana nasema nambari ya simu imekuwa jina la ukoo ambalo hatukuwahi kuwa nalo. Inaonyesha nani ni wa nani.

Toka Septemba 2017 watu wamekuwa wakirudi, na vijana ninaofanya nao kazi Kanyosha wengine wamekulia Nduta na Nyarugusu. Wana simu nzuri kuliko za wazazi wao. Ukiwauliza nambari ya mama kwa kichwa, wanafungua simu kuangalia. Simu ikiibwa, je?

Kwa hiyo kwenye kikundi chetu tunafanya zoezi. Kila mmoja anachagua nambari moja ya mtu asiyehamahama, anaikariri pamoja na +257, na anamfundisha mdogo wake. Halafu tunakumbushana jambo ambalo familia nyingi husahau: laini isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga, na nambari inaweza kupewa mtu mwingine. Shangazi aliyebaki nyumbani mara nyingi hana hela ya inite. Mtumieni, hata kidogo. Simu yake ikinyamaza, ukoo mzima utatafutana upya.